Mtu wa mashati mawili na robota la Gikomba

Mjomba wangu ana tabia ya kukupa simu kabla hujameza. Nimekuja nyumbani kwa Idi, begi halijafunguliwa, Mama ndiyo kwanza anamimina chai, mahamri bado yana moto, na Mjomba kashaninyooshea kioo usoni. "Hebu mtazame huyu. Si ndiye aliyetuharibia uchaguzi?"

Kioo chenyewe kimepasuka pembeni, lakini sura haikunipotea. Steve Bannon, yule aliyekuwa mshauri wa Trump Ikulu ya Marekani. Nywele za mtu aliyeamshwa sasa hivi, shati juu ya shati, kosi mbili zikigombania shingo moja. Huko Connecticut ninakoishi nimeiona sura hiyo kila siku ya kazi kwa muda wa miaka mitatu na ushei, maana mzee niliyekuwa namhudumia hakutaka kumsikiliza mwingine. Kuikuta tena Majengo, Pumwani, kwenye baraza la mama yangu, nilicheka. Halafu nikafanya kosa la kumsahihisha mjomba wangu mbele ya watu.

"Si yeye, Mjomba."

"Si yeye vipi?"

"Kampuni aliyokuwamo, ndiyo. Yeye mwenyewe alikuwa keshatoka."

Akairudisha simu mfukoni polepole, kama anayefutika kisu. "Umekaa na wazungu mpaka umeanza kuwatetea."

Simtetei mtu. Ila tarehe ni tarehe. Kampuni hiyo ni Cambridge Analytica, ya kuchambua data za wapiga kura, mtoto wa kampuni ya SCL ya Uingereza, iliyoanzishwa kwa fedha za tajiri Robert Mercer. Bannon alikuwa makamu wa rais wake tangu 2014 hadi Agosti 2016, alipokwenda kuongoza kampeni ya Donald Trump. Hapa kwetu watu wa SCL walifanya kazi katika uchaguzi wa 2013, yeye hajaingia, wakarudi 2017, yeye ametoka. Machi 2018 kituo cha Channel 4 kilimnasa kwa kamera ya siri mkubwa mmoja wa kampuni akijigamba kwamba Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, waliibadilisha sura mara mbili, manifesto wakaiandika wao, hotuba wao, wakahoji watu 50,000 kwa awamu mbili. Chama kilijibu kwamba kiliwatumia kwa mambo ya kujipamba tu. Na ile video ya kutisha iliyoionyesha Kenya ya 2020 ikiwa imeteketea chini ya Raila Odinga? Hiyo, kwa mujibu wa Privacy International, shirika la kutetea faragha, ilitoka kwa kampuni nyingine kabisa, Harris Media ya Texas.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. "Kwa hivyo ni mashetani wawili badala ya mmoja," akasema. "Sasa hapo umenisaidia nini?"

Mzee wangu wa Connecticut alikuwa fundi wa mabomba mstaafu, mjane, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Nilianza kwake 2021. Asubuhi namwogesha, namvisha, nampa uji na vidonge vyake saba, na ikifika saa nne kamili runinga inawashwa: War Room, kipindi alichokianzisha Bannon mwaka 2019. Saa mbili mfululizo, na jioni tena. Nikimkata kucha, Bannon. Nikimbadilisha shuka, Bannon. Nilianza kumfahamu mtu yule kama unavyomfahamu muadhini wa mtaani kwenu, unajua hata akiwa na mafua.

Nilidhani nitasikia kelele. Kelele zilikuwapo, lakini sehemu kubwa ilikuwa kama darasa. Majina ya kamati za bunge, tarehe, Warumi, deni la taifa, kisha kazi ya nyumbani: mpigie mbunge wako simu, nenda kagombee ile nafasi ya chini kabisa ya chama kwenye kata yako, ambayo huwa haina mtu. Mzee alikuwa na daftari. Mtu ambaye mwanawe wa kumzaa alimpigia simu Krismasi tu, kila asubuhi alikuwa anaambiwa na mtu maarufu kwamba yeye ni askari na bila yeye nchi imekwisha. Sasa ndani ya darasa hilo, kama chuya ndani ya mchele, ndimo ulimopitishwa uongo: kura za 2020 ziliibwa. Chuya hazionekani mpaka upete, na mzee hakuwa na ungo. Taasisi ya Brookings ilipopitia vipindi vya siasa vya namna hiyo mwaka 2023, War Room ndicho kilichoongoza kwa madai ya uongo au yasiyo na ushahidi. Karibu kipindi kimoja katika kila vitano.

"Huyu ni mtu wetu," mzee alikuwa akiniambia. "Mtoto wa mfanyakazi." Ni kweli, nusu. Bannon alizaliwa Norfolk, Virginia, 1953, baba yake mtu wa kampuni ya simu. Akatumikia jeshi la majini miaka saba. Baada ya hapo lakini ni Harvard, benki ya Goldman Sachs, Hollywood, na fungu la mapato ya Seinfeld, ile tamthilia ya kuchekesha iliyorudiwa mpaka Wamarekani wakaikariri. Kati ya yote hayo, ninalolikumbuka zaidi ni Hong Kong: aliongoza kampuni iliyouza dhahabu ya kuchezea michezo ya kompyuta, dhahabu isiyokuwapo, kwa pesa zilizokuwapo. Huko alijionea nguvu ya vijana wenye hasira wanaokesha mtandaoni. Mwenye Breitbart, tovuti ya habari ya mrengo wa kulia, alipofariki 2012, Bannon akaichukua tovuti ile akawapa vijana wa aina hiyo pa kumwagia hasira.

Mzee hakujua kwamba na mimi nilikuwa na hesabu yangu na Bannon. Ijumaa ya tarehe 27 Januari 2017 Trump alitia saini amri ya kuzuia watu wa nchi saba, Somalia na Sudan zikiwamo, na Bannon alikuwa mmoja wa walioisukuma. Toka kwa Mama, vuka barabara, uko Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi. Wakimbizi waliokuwa wameletwa Nairobi kutoka Dadaab, wamepimwa, wamehojiwa miaka, wanasubiri ndege tu, walipakiwa kwenye basi wakarudishwa kambini. Mwaka ule nilipompigia Mama simu, ndiyo habari aliyokuwa nayo. Wali na mchuzi wa msiba bila maiti, alisema. Nikikaa kitako kumsugua mzee mgongo nilikuwa nalikumbuka neno hilo, na bado nilimsugua vizuri. Alikuwa mzee mwema. Kanipa koti lake la baridi, ninalo mpaka leo. Alisema Waafrika wakiingia ovyo nchi itaharibika, kisha anaongeza, "Si wewe." Kila mara. Si wewe.

Julai 2024 Bannon alifungwa miezi minne kwa kukaidi wito wa Bunge, na gereza lenyewe liko Danbury, dakika 40 kutoka ninapokaa. Mzee akaniomba nimpitishe pale. Tukaenda. Hatukuona kitu ila kibao, uzio na miti. Akavua kofia ndani ya gari, tukageuza, tukanunua aiskrimu. Wiki moja kabla ya uchaguzi Bannon akatoka na siku hiyo hiyo akarudi kwenye maikrofoni. Na pale kati kuna kesi ya mchango wa ukuta wa mpakani, zaidi ya dola milioni 25 za watu wa kawaida. Trump alimsamehe mashtaka ya serikali kuu Januari 2021, lakini Februari 2025 Bannon akakiri kosa la ulaghai mahakamani New York, bila kwenda jela. Habari hiyo mzee hakuiwahi. Tulimzika Januari.

Nilijaribu mara moja tu kubishana naye. Kuna kanda iliyorekodiwa tarehe 31 Oktoba 2020, kabla hata ya siku ya kura, Bannon akiwaeleza wenzake kwamba Trump atajitangazia ushindi tu, jambo lisilomaanisha kuwa kashinda. Kanda ipo, sauti ni yake. Nikamchezea mzee. Alisikiliza, akakunja uso, akaniuliza, "Nani kakutumia hii?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Angeipata kwa mtu anayemwamini, labda. Mimi nilikuwa mtu wa kumwogesha.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, na ndipo nilipomfikisha Mjomba barazani, bila kupenda.

Bannon alimwambia mwandishi mmoja mwaka 2018 kwamba mpinzani wa kweli ni vyombo vya habari, na dawa yao ni kuufurikisha uwanja kwa kitu ambacho Mama hataki nikiandike hapa. Watu wameunukuu msemo huo mpaka umechakaa, na wote hutazama kile kitu kilichomwagwa. Mimi hutazama ndoo. Kitu kile hakijiendei chenyewe. Kuna mkono, na mkono unaofika mbali ni ule usioshukiwa.

Mwishoni mwa Julai 2017, siku chache kabla ya kura za tarehe 8 Agosti, zilisambaa video mbili za kura ya maoni zikimwonyesha Uhuru Kenyatta akiongoza, moja ina nembo ya CNN, nyingine ya BBC. Zote bandia, vituo vyenyewe vilizikana. Ile ya CNN niliipata kwenye kikundi chetu cha Wakenya wa Waterbury, huko huko Connecticut, nimetoka zamu ya usiku, nakula mkate mkavu nimesimama. Nikaitupa kwenye kikundi cha familia. Sikuandika hata neno. Sekunde mbili.

Kwa familia yangu haikuwa video kutoka kikundini. Ilikuwa video kutoka Marekani, kwa kijana wetu aliyeko huko huko kwenye CNN. Mjomba aliichukua mpaka kibandani kwake kwenye soko la mitumba la Gikomba, akamwonyesha jirani yake wa kibanda, mtu wa Raila damu, rafiki yake wa miaka 20 waliokuwa wakilindiana mali wakienda kuswali. Kejeli zikazaa hasira, hasira ikazaa dau: robota zima la jinzi.

"Dau?" Mama akaweka birika chini. "Mlicheza kamari?"

Miaka minane ilikuwa siri. Imetoka mdomoni mwangu, Mungu anisamehe.

Tarehe 11 Agosti Uhuru akatangazwa mshindi, asilimia 54, na Mjomba akabeba robota. Akalifungua, akauza kwanza kamera, zile nguo safi wanazogombania wateja wa asubuhi. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu David Maraga akiongoza, ikaufuta uchaguzi. Rafiki akaja kudai robota lake. Liko wapi? Tarehe 26 Oktoba ukarudiwa, Raila akasusia, Uhuru akapata asilimia 98. Mjomba: nimeshinda tena. Mwenzake: ule haukuwa uchaguzi. Vibanda vimeachana kwa upana wa turubai, na tangu siku hiyo hawajatoleana salamu.

"Na ile video ilikuwa bandia, Mjomba," nikasema.

"Bandia vipi na ilisema kweli?"

Nimelala nalo swali hilo, na nikiri bado linanishinda kulijibu kwa sentensi moja ambayo ingetosha pale barazani.

Binamu yangu mdogo alikuwa kimya muda wote, anachezea simu. Akainua kichwa. "Kaka, hizo za wazungu ni za zamani. Hii kazi sisi wenyewe tumeifanya." Akaeleza kama mtu anayeeleza kibarua cha mjengo: asubuhi unaingizwa kwenye kikundi, unapewa alama ya reli na maneno ya kubandika, jioni M-Pesa inalia. Wengine hawajui hata aliyelipa. Nikakumbuka ripoti ya Mozilla ya 2021: vijana wetu walikuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku, na walioshambuliwa ni pamoja na majaji walioizima BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Nikamuuliza kama aliwatukana majaji. "Nilinakili tu," akasema. "Kodi ya nyumba ilikuwa imefika."

Mama akamwangalia, akaniangalia, akamwangalia kaka yake. Akakusanya vikombe, na vingine vilikuwa bado na chai.

Jana nimekwenda Gikomba peke yangu. Nimemkuta yule rafiki wa Mjomba, ndevu zimekuwa nyeupe, anapanga jinzi kwa saizi. Nimemsalimu, nikajitambulisha mtoto wa nani, akanikaribisha kwenye kigoda. Nikamwambia: ile video niliituma mimi. Akaendelea kukunja.

"Na wewe ulipewa na nani?"

"Kwenye kikundi. Simkumbuki."

"CNN hukufanya kazi wewe?"

"Nilikuwa naosha wazee."

Hapo akaacha kukunja. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, na ng'ambo ya turubai nikamwona Mjomba kageuza shingo, kisha kairudisha haraka. Mzee akajifuta macho kwa mguu wa suruali aliyoishika.

"Haya, mwanangu," akasema. "Robota langu utalilipa kwa bei ya wakati ule, au ya leo?"