Kipaji Kisichoonekana Kwenye Tatami

Bukavu, Jumapili jioni

Juzi, baada ya mazoezi, mjomba wa kijana mmoja wa klabu yetu ya judo alinivuta kando akaniuliza swali ambalo wazazi na walezi wengi huliuliza, kila mmoja kwa namna yake: kwa kipaji alichonacho mtoto huyu, si sasa anaweza kutembea usiku bila wasiwasi? Nilimjibu kwa adabu kwamba kijana aendelee tu kurudi nyumbani kabla ya giza kuingia, na nikaona usoni mwake kwamba jibu langu halikumfurahisha. Anastahili maelezo marefu zaidi ya yale niliyompa tukiwa mlangoni, huku vijana wakikunja kimono zao na umeme ukiwa umeshakatika. Basi nayaandika hapa.

Kwamba kipaji kipo, sibishi. Wako wanaoshikilia kwamba kila kitu mchezoni ni jasho tu, lakini ukimtazama kijana huyu kwa robo saa utaiacha hoja hiyo. Alipofundishwa osoto-gari, mbinu ya kumvuta mpinzani hadi uzito wake wote uegemee mguu mmoja, kisha kuufyeka mguu huo kwa nyuma, aliipata jioni ileile. Mimi nilihitaji msimu mzima wa mvua kuelewa kwamba kazi kubwa haifanywi na mguu unaofyeka, bali na ule mkono ulioshika nguo ya mpinzani karibu na kiwiko, ambao unapaswa kuvuta kuelekea chini na kando kabla mguu haujaondoka mahali pake. Yeye hakuelezwa hilo. Vidole vyake vilihisi kimono kikilegea, na papo hapo akajua mpinzani amehamishia uzito wake wapi.

Nisichokubali ni maelezo yanayotolewa hapa mjini kuhusu chanzo cha vipaji vya namna hii. Husemwa kwamba watu wa Kivu wamezaliwa na mapigano damuni, na ushahidi unaoletwa kila mara ni Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili wazaliwa wa Bukavu, waliokuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Misenga alishinda pambano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito huo. Mabika alitolewa katika pambano lake la kwanza. Tuna haki ya kujivunia. Lakini hawa wote wawili vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto, wakapelekwa Kinshasa, na judo wakaikutia huko, mikononi mwa walimu wa huko. Kama ni damu, mbona iliwasubiri walimu? Na waliobaki hapa wenye damu hiyohiyo, bila tatami, yaani mikeka ya judo, wala mwalimu, hatuwahesabu kwa sababu hatukupata kuwaona.

Nirudi kwa swali la mjomba. Ili kulijibu inafaa kukumbuka judo yenyewe ilivyoanza. Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mtu wa umbo dogo aliyeingia kwenye jujutsu, mapigano ya jadi ya Kijapani, kwa sababu alichoka kuonewa shuleni na wenzake wenye miili mikubwa. Mwaka 1882 alianzisha shule yake jijini Tokyo, katika chumba cha hekalu chenye nafasi ya mikeka 12 tu. Katika yote aliyoyafanya, kubwa kuliko yote machoni pangu ni kuziondoa mbinu za hatari, kama vile ngumi na mateke ya kuumiza, kwenye mapambano ya mazoezi, na kuzihifadhi katika kata, yaani mifululizo iliyopangwa ambayo watu wawili huifanya kwa kuelewana. Mbinu zilizobaki zikawa salama kiasi cha kuweza kufanywa kwa nguvu zote, dhidi ya mtu asiyetaka kabisa kuangushwa, jioni baada ya jioni. Mazoezi hayo huitwa randori, na ndiyo yanayonifanya nisiione judo kuwa mchezo mtupu. Mwanafunzi anayefundishwa kutoboa macho kwa kupiga hewa hajawahi kumgusa mtu, ilhali anayefundishwa kuangusha ameshawaangusha wengi waliokuwa wakikataa kwa nguvu zao zote.

Kwa sababu hiyohiyo nina mashaka na yale maonyesho ya kunyang'anya kisu yanayopendwa sana kwenye sherehe za vilabu. Mshambuliaji huja kwa hatua moja, ananyoosha mkono, kisha anauacha hapo ukisubiri kukamatwa. Mwaka 1983, Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, alipima mwendo wa mtu anayekimbia na kisu, akaona kwamba umbali wa futi 21, yaani zaidi kidogo ya mita sita, humalizwa kwa takribani sekunde moja na nusu. Muda huo haumtoshi hata askari mwenye bastola kiunoni kuichomoa na kufyatua kwa utulivu. Sisi tunaosimama mbele ya hadhira kwa kimono safi, tukijua mkono utakuja kutoka wapi na lini, tunaonyesha kitu kingine kabisa. Bunduki sitaiandikia sana, kwani msomaji wa mji huu hahitaji kuelezwa: mwenye bunduki hupewa simu na pesa, na hatazamwi usoni.

Kipaji chenyewe kinaweza kuwa mzigo hapa. Kijana anayepata kila mbinu jioni moja hataki kukaa na mbinu moja. Kila wiki anataka mpya, naye Maître, kama tunavyomwita mwalimu wetu, humpa kwa sababu ni raha kumfundisha mtu anayeshika upesi. Leo ana mbinu nyingi kuliko wakubwa wake. Mwaka 1952, mtafiti Mwingereza William Edmund Hick alionyesha kwamba kadiri mtu anavyokuwa na chaguo nyingi mbele yake, ndivyo anavyochelewa kujibu ishara. Kwa ishara moja yenye jibu moja, binadamu huhitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukimwongezea majibu, muda huo nao unaongezeka. Mazoezi ya miaka mingi hupunguza ucheleweshaji huo, lakini kwa mbinu zile tu zilizorudiwa miaka mingi. Katika klabu yetu yumo fundi seremala mwenye mabega mazito na miguu mizito zaidi, ambaye hadi leo anajua vizuri mbinu mbili tu, na ni miongoni mwa watu wachache ambao yule kijana huwakwepa wakati wa kuchagua wa kufanya naye randori. Ulingoni mpenzi wa michezo atashangilia wingi wa mbinu za kijana. Kwenye uchochoro wa Kadutu, mtaa wa hapa mjini, nikilazimishwa kuchagua, ningependa kuwa na mbinu mbili za seremala.

Hata hivyo, seremala na kijana wote wanapimwa kwa kipimo kimoja, yaani kinachotokea baada ya mikono kukamatana. Kipaji kingine, ambacho kinahusu kujilinda kuliko kile cha kwanza, humaliza kazi yake kabla ya hapo, na tatami haina njia ya kukiona. Nilikiona kwa mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni Nyawera, aliyekuja kwenye kikao cha wanawake tunachofanya Jumamosi. Zoezi lilikuwa jepesi: mimi nimsogelee kama mtu anayeuliza saa, kisha nimkamate mkono, naye ajinasue kama alivyofundishwa, kwa kuuvutia mkono upande wa kidole gumba changu, ambako mshiko huwa dhaifu. Tulishindwa kabisa kulifanya zoezi hilo, kwa sababu sikumfikia. Kila nilipopiga hatua ya pili, beseni lake tupu, alilokuja nalo moja kwa moja kutoka sokoni, lilikuwa limeshatoka kiunoni na kuwa katikati yetu, mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni, na sauti yake ilijaza chumba: «Baba, simama hapohapo, bei nitakuambia ukiwa huko huko!» Wanawake wengine walicheka hadi wakakaa chini. Nilimwomba aache nimkaribie ili tufike kwenye mbinu. Alikubali kwa heshima, nilipokaribia akafanya vilevile. Mikono ya mama huyu ni mizito kujifunza, na mbinu ya kujinasua alipoijaribu baadaye aliikosea upande. Lakini miaka ya kukaa mahali ambapo kila anayekuja anaweza kuwa mnunuzi, mkopaji asiyelipa au mwizi imemfundisha kusoma nia ya mtu kwenye mabega na kwenye mwendo.

Najiuliza kama hicho nacho kiitwe kipaji, kwa kuwa hakuzaliwa nacho. Lakini hata kile cha kijana hatujui kimeanzia wapi. Aliwahi kunieleza kwamba tangu utotoni walikuwa wakishindana mieleka na kaka zake kwenye mchanga wa ziwa. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba kimoja tumekitengenezea mikanda na medali, na kingine tumekiacha sokoni bila jina.

Watafiti wa Kanada wamekichukulia kipaji hiki cha pili kwa uzito zaidi. Charlene Senn na wenzake waliandaa mafunzo ya saa 12 kwa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu, wakayapima kwa washiriki karibu 900, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo: katika mwaka uliofuata, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 ya waliopata mafunzo, na asilimia 9.8 ya wale waliopewa vijitabu tu. Mbinu za mikono zilikuwa sehemu moja ya mafunzo hayo. Kulikuwamo pia kutambua ishara za hatari mapema, hasa kutoka kwa mtu unayemfahamu, na kuvunja aibu inayomfanya mwanamke asite kupaza sauti au kuondoka ghafla kwa kuhofia kuonekana hana adabu. Kwetu, ambapo binti hulelewa kumwitikia mkubwa kwa macho yaliyoinamishwa, kipengele hicho cha aibu ndicho kigumu zaidi kukifundisha. Nimewaona wasichana wanaomwangusha mwanamume mzima wakashindwa kumwambia «rudi nyuma» kwa sauti kubwa. Sauti hutoka ndogo, ikifuatwa na tabasamu la kuomba radhi.

Jambo moja kwenye mazoezi yetu hata hivyo huvuka mlango na kwenda moja kwa moja barabarani, nalo ni kuanguka. Kila mwanafunzi mpya hulichukia: kidevu kifuani, mgongo uviringike, mkono mzima upige tatami mara tu mwili unapofika chini, na kamwe usitangulize kiganja, kwa sababu kifundo cha mkono ndicho huvunjika. Hakuna anayepiga picha mazoezi haya. Lakini mji wetu umejengwa juu ya miteremko, mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na ngazi za udongo zinazopanda Kadutu hazimheshimu mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mmoja wa klabu yetu aliteleza na pikipiki yake kwenye matope ya eneo la Essence. Alisimama na suruali iliyochanika na bega lililochubuka, akatuambia kwamba mwili wake ulivingirika wenyewe. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kushinda pambano hata moja la mashindano. Nikiulizwa ni nani kati yetu judo imemlinda kweli, nitamtaja yeye kwanza.

Kwa hiyo nimempelekea Maître ombi. Mara moja kwa wiki tufanye mazoezi kwa viatu na nguo za kawaida, hasa jaketi, kwa kuwa mji huu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na jioni watu wengi huvaa jaketi, ambalo hushikika karibu kama kimono. Tuongeze zoezi la kupaza sauti na kuondoka, na mtu apewe alama kwa kutokamatwa. Tena kuanguka kupimwe kwa kila ngazi hadi mkanda mweusi, maana sasa hivi kunapimwa kwenye mikanda ya mwanzo tu kisha kunasahaulika. Maître alisikiliza kwa subira, kisha akanikumbusha kwamba mtihani una taratibu zake zilizopangwa na waliotutangulia. Nilimjibu kwamba mikanda hii ya rangi tunayoilinda hivi ilienezwa huko Paris katika miaka ya 1930 na Mikinosuke Kawaishi, aliyeona kwamba wanafunzi wa Ulaya walihitaji kitu cha kuwatia moyo njiani. Kwa hiyo mtihani umewahi kurekebishwa kulingana na mahali ulipo, na unaweza kurekebishwa tena. Alicheka, akasema atafikiri. Jaketi amelikubali tangu sasa, mradi kila mtu alete lake la zamani. Alama za kutokamatwa bado anazikataa, kwa hoja kwamba judo ni kukamatana na anayekimbia hupewa adhabu, na kwa upande wa kanuni za mashindano ni kweli.