Nilivyoisoma Ulysses kwa kuwafuata watu wa pembeni

Kilichonifikisha mwisho wa Ulysses ni kumwacha mhusika mkuu, Leopold Bloom, aende zake na kuwaandama wanaopita tu: muuza maziwa, mwalimu mkuu, mzee wa baa, mwenye kibanda cha kahawa. Riwaya hii ya James Joyce ilitoka Paris mwaka 1922, ila mambo yake ni ya Dublin, Juni 16, 1904, Ayalandi ikiwa bado chini ya Uingereza. Historia ya nchi imo vinywani mwa watu hawa, na mara nyingi wanaikosea.

Nilitumia toleo la Gabler la 1984 kwa sababu mistari yake ina namba, nakala ya bure ya Project Gutenberg kwa kutafutia majina, na daftari lenye safu tatu: mhusika kasema nini, ilikuwaje hasa, na kwa nini kakosea. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Sura 18 hazina majina kitabuni, lakini wachambuzi huziita kwa majina yatokanayo na tenzi za Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Andika namba na jina la kila sura ndani ya jalada kabla hujaanza, la sivyo uchambuzi wowote utakupoteza.

Anzia sura ya 2, kwa Bwana Deasy, mwalimu mkuu anayeunga mkono utawala wa Uingereza. Mzee huyu ni hazina. Anadai wageni, yaani wavamizi kutoka Uingereza, waliletwa na mke mzinzi wa MacMurrough na hawara yake O'Rourke. Kawageuza: Derbforgaill alikuwa mke wa O'Rourke, na Dermot MacMurrough ndiye aliyemchukua mwaka 1152, Wanormani wakaja 1169. Anajivunia kuwa wa ukoo wa Sir John Blackwood, ati aliyeupigia kura Muungano wa Ayalandi na Uingereza wa 1800. Blackwood aliupinga, na alikufa 1799. Kisha anatania kwamba Ayalandi haikuwahi kuwatesa Wayahudi kwa kuwa haikuwaruhusu kuingia, ilhali Januari ya mwaka huohuo Wayahudi wa Limerick walianza kususiwa biashara zao. Makosa yote matatu yanavutia upande mmoja: lawama kwa mwanamke, sifa kwa Muungano, nchi isiyo na doa. Ukiona hivyo, safu ya tatu imejijaza yenyewe.

Rudi sura ya 1 kwa bibi muuza maziwa. Piga hesabu yake kwa kalamu, ukikumbuka kuwa shilingi moja ilikuwa peni 12. Asubuhi saba, painti moja kwa peni 2, ni shilingi 1 na peni 2. Asubuhi tatu, painti mbili kwa peni 4, ni shilingi 1. Jumla shilingi 2 na peni 2. Mteja wake Mulligan anatoa shilingi 2, kwa hiyo bibi anaondoka akidai. Mwingereza Haines anamsemesha Kiayalandi, naye anauliza kama ni Kifaransa. Hapo weka takwimu: mwaka 1851, baada tu ya njaa kuu, wasemaji wa Kiayalandi walikuwa takriban milioni 1.5, mwaka 1901 walibaki kama 641,000.

Mauaji ya maofisa wakuu wawili wa Uingereza katika bustani ya Phoenix Park, Dublin, Mei 6, 1882, yasome kwa kuruka sura. Katika ya 5 Bloom anamtafuta kichwani msaliti wa Invincibles, kundi la siri lililofanya mauaji hayo, anamwita Peter, kisha Denis. Ni James Carey. Katika ya 7 mhariri Myles Crawford anataja 1881 kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Katika ya 16 mwenye kibanda inasemekana ni Skin-the-Goat, dereva wa kundi hilo, na hakuna anayethibitisha. Miaka 22 tu imepita na tukio tayari limekuwa porojo.

Angalizo: si kila kosa ni la mhusika. Sura ya 12 baani wanavumisha kuwa Bloom ndiye aliyempa mwanasiasa Arthur Griffith mawazo ya Sinn Féin, chama cha wazalendo wa Ayalandi kilichoanza 1905; hapo Joyce, aliyeandika 1914 hadi 1921, anachanganya nyakati. Wala usimfanye yule "raia", mzee mzalendo wa baa hiyo, kuwa nakala ya Michael Cusack, mmoja wa waasisi wa chama cha michezo ya Kiayalandi cha 1884. Raia huyo anasema Waayalandi wangekuwa milioni 20 badala ya nne. Sensa ya 1841 ilihesabu milioni 8.2, ya 1901 karibu milioni 4.5: msiba ni wa kweli, ishirini ni yake.

Sura hiyohiyo inataja ripoti ya unyama waliotendewa wavuna utomvu wa mpira Kongo, na raia anadakia kuwa mwandishi wake, Casement, ni Mwayalandi. Mwaka 1904 Roger Casement ni konseli wa Uingereza. Agosti 1916 Uingereza ilimnyonga London kwa uhaini. Kwa mstari huo niliongeza safu ya nne: msomaji wa 1922 alijua nini.