Anomalocaris amenikosesha usingizi

Jamani, jana usiku barazani hapa Mji wa Kale, binamu yangu anayesoma biolojia alinielezea kuhusu Anomalocaris mpaka adhana ya alfajiri. Bado nimesisimka.

Ni mnyama aliyewinda baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mwaka 1892 mwanasayansi Whiteaves alieleza mabaki yake kutoka Kanada akidhani ni mwili wa kamba. Kumbe ni mkono tu wa kukamatia mawindo! Mwaka 1911 mwanasayansi mwingine, Walcott, akaona mdomo wa mviringo wa jamaa wa mnyama huyu, akasema ni yavuyavu. Hadi 1985 ndipo Whittington na Briggs walipoviunganisha: mikono hiyo na midomo hiyo ni viungo vya mnyama wa aina moja.

Zamani jamaa zake wengi waliwekwa katika familia moja, Anomalocarididae. Sasa oda yao, Radiodonta, ina familia kadhaa, na naona ni haki, maana wengine walichuja vijidudu majini badala ya kuwinda.

Na tusimwite babu wa kamba. Tawi lake lilichipuka kando, kabla ya mhenga wa pamoja wa kaa, nge na wadudu wa leo.

Mwenye picha nzuri za mabaki yake anitumie, tafadhali.