Bahasha ya mabati

Juzi mwanangu kafungua lile sanduku la marehemu mamangu bila ruhusa, akatoka na noti ya elfu moja mkononi anaipeperusha kama bendera. "Mama, huyu mzee ni nani?" Ana miaka saba, noti anazozijua yeye zina jumba la KICC la Nairobi, huo uso wa Mzee Kenyatta kujaa noti namna ile hajawahi kuuona. Nikamwambia ni rais wetu wa kwanza. Akasema haya basi nipe niende nayo dukani. Nikamwambia hiyo hainunui kitu. "Kwani imeharibika?"

Nikakaa kitandani. Harufu ya vile vidonge vya kufukuzia mende ilikuwa imejaa chumba kizima, na ile leso ya mamangu, kanga yenye nakshi ya korosho, iko chini imefunguka, na bahasha ya kaki imelala juu yake na sahihi zake tatu.

Zilikuwa pesa za mabati. Harambee ya Aprili 2019, ile ya kuezeka chumba cha watoto wa sande skuli, na mimi ndio nimepewa uhazini wa kina mama mwezi mmoja kabla. Nilipewa kwa sababu Mama Karai alitolewa. Huyu (jina si lake, ndivyo tunavyomwita kwa ajili ya biashara yake ya viazi karai) alikuwa na tabia moja, pesa ya kikundi akipewa Jumapili, Jumatatu alfajiri ishavuka feri ya Likoni, hapa kwetu Mombasa, iko soko la Kongowea inanunua gunia la viazi. Ijumaa inarudi. Ilirudi kila mara, hilo naapa, na mara nyingine alileta na mia mbili mia tatu juu. Lakini watu wakasema huyo anachezea pesa ya Mungu, tutafutie mtu mwaminifu. Nikatafutwa mimi.

Na uaminifu wangu nikauonyesha siku ya kwanza. Tulipata elfu ishirini na saba. Kumi na sita zilikuwa noti za elfu za wageni, zingine zote hamsini hamsini, mia mia, na sarafu za wale bibi wa viti vya nyuma wanaofungua fundo la leso taratibu mpaka unatamani kuwasaidia. Mfuko ulikuwa mzito, hauwezi kufichika. Nikaupeleka kwa kijana wa M-Pesa pale stejini, akafurahi maana chenji ilikuwa haipatikani, akanipa noti za elfu kumi na moja zimenyooka. Benki hatukupeleka, kuweka si shida, shida ni kutoa, sahihi zilitakiwa tatu na mmoja wa wenye sahihi za benki alikuwa amehamia Voi. Tukafunga bahasha kwa gundi, nikatia sahihi mimi, mwenyekiti na mzee wa kanisa, pale pale kwenye mdomo wa bahasha ili ikifunguliwa ijulikane.

Nikaifunga kwenye leso. Chini ya sanduku. Mwezi wa saba mtoto akalazwa siku mbili na sikuwa na kitu, nikakopa elfu tatu kwa jirani, na jirani mwenyewe ni wale wa kukudai ukiwa kwenye foleni ya maji. Ile bahasha sikuigusa. Nilijisikia vizuri sana usiku ule, sitaki kudanganya.

Sasa tangazo la noti mpya lilitoka sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni. Nililisikia kama nyinyi mlivyolisikia. Noti za elfu za zamani mwisho 30 Septemba, hizo nyingine endeleeni kuzitumia. Nikabadilisha za kwangu zote, mpaka moja niliyokuwa nimeisahau ndani ya Biblia. Nikamkumbusha na shemeji yangu. Lakini hizi za kanisa, sijui nieleze vipi, kichwani mwangu hazikuwa pesa. Pesa ni kitu unachoweza kukifikiria utakifanyia nini. Zile zilikuwa amana, nilishajikataza kuzifikiria, na kweli sikuzifikiria.

Kuna wakati nilikuwa nasema ni kwa sababu ya ile Jumapili, 29 Septemba, gari lilipotumbukia majini pale feri, sisi wa Likoni wiki mbili tulikuwa tunaangalia maji tu hakuna aliyekuwa na akili ya kitu kingine. Ni kweli tulikuwa hivyo. Lakini nilisema mara mbili tatu hivi nikaona haya, kuchukua msiba wa watu kufunikia usahaulifu wangu.

Basi Oktoba, Jumanne, tumeenda hadiwea watatu wenye sahihi zetu. Mabati geji 30 yameshatolewa nje, mkokoteni uko tayari, mwenye mkokoteni ameshaanza kupiga fundo la kamba. Mimi nikaiweka bahasha juu ya kaunta, nikamwonyesha mwenyekiti, angalia, gundi haijaguswa. Nikamwonyesha mzee wa kanisa sahihi yake. Akatikisa kichwa akasema Bwana asifiwe. Nikachana.

Yule kijana wa duka, kofia kichwani, penseli sikioni, ni wale wanaohesabu pesa wakiwa wanaongea na mtu mwingine. Alikuwa anamwambia mwenzake kitu kuhusu misumari. Moja, mbili, tatu, vidole vikasimama. Hakuniangalia. Akazipekua pembeni kwa kidole gumba zote mpaka ya mwisho, vile unavyopekua kitabu ukitafuta kama kina picha, halafu akazikusanya, akazigongesha kwenye kaunta zikae sawa, akazikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto.

"Mamangu," akasema, pole pole ili wengine wasisikie, "hizi zimekufa."

Mimi nikamuuliza swali la kijinga. Nikamwambia lakini ni mpya, angalia hazijakunjamana. Akasema naona, mama, umezitunza kweli. Akamwambia mwenzake alete maji. Nje nikamsikia mwenye mkokoteni anafungua ile kamba.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Siku ya pili nilivuka mpaka Benki Kuu, Nkrumah Road, nikarudi na bahasha ile ile. Tulikuwa wengi, baadaye walitangaza noti zaidi ya milioni saba hazikurudi, lakini hiyo haikunipoza. Kilichoniuma si za wageni, ni za wale bibi. Hamsini zao na sarafu zao zingekuwa hai mpaka leo, mimi ndiye niliyeenda kuzibadilisha zikafie pamoja na za wakubwa. Nikalipa mia tano mia tano kila wiki, korona ikaja kanisa likafungwa, nikaendelea nikamaliza. Mama Karai alileta elfu tano bila kuombwa, akaniambia, hata hakuwa na kijembe, "Ungenipa mimi, shoga, zingekuwa viazi." Na ni kweli. Na hata mimi, lau ningekopa zile elfu tatu mwezi wa saba kama mtu asiyeaminika, ningerudisha za M-Pesa mpya na tungekuwa na mabati mawili matatu.

Mchungaji aliwahi kusoma Luka 19, yule mtumwa aliyeliweka fungu la bwana wake kwenye leso. Nilikuwa naijua hii habari tangu utotoni na sikuwahi kulisikia hilo neno, leso. Najua hapo maana yake ni kitambaa cha mkono. Nilisikia ya korosho. Mtumwa alisema aliogopa, na mimi miaka yote nilimuona mvivu, sasa sijui tena. Kwenye uchaguzi uliofuata wakanichagua mimi tena. Ati mwaminifu, si alilipa yote. Nikakubali, nikarudi nyumbani sijui kama nimesifiwa ama nimeonewa.

Mtoto akaomba achezee duka ile noti moja, nikamwachia. Jioni nzima nawasikia pale mlangoni na watoto wa jirani wanauziana samaki wa mchanga na kurudishiana chenji ya vizibo.

Usiku kabla ya kulala nikazihesabu nirudishe kwenye bahasha. Ishirini na sita. Nikahesabu tena. Nikainua godoro, nikaangalia chini ya meza, mwisho nikawasha taa nikamuamsha mtoto wa watu saa nne na nusu usiku. Akafungua jicho moja. "Nimenunua samaki, mama," akasema, akageukia ukutani.