Tulivyounganisha mashauri yetu Tume

Siku tuliyofukuzwa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza tulikuwa watu saba. Kosa letu ni kukataa zamu ya usiku isiyo na usafiri wa kurudi nyumbani. Cha ajabu, kila mtu alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, kivyake, kimyakimya, kama anayeficha jambo. Tukaja kukutana kwenye benchi la nje, fomu za kuwasilisha mgogoro, CMA F1, mikononi. "Kumbe na wewe upo?"

Usuluhishi ulishindikana kwa wote. Yakabaki mashauri saba, tarehe saba, na nauli za kutoka Buhongwa kila mara. Wenzangu wakasaini orodha ya kunipa idhini, nikaandika kuomba yaunganishwe. Wakili hatukuwa naye. Nilichokuwa nacho ni barua yangu ya kuachishwa kazi: aya ya kwanza ina jina langu, ya pili ina jina la dada wa kitengo cha kufungasha. Walinakili wakasahau kubadilisha! Niliambatisha barua zote, nikapiga mstari chini ya maneno yanayofanana. Mwakilishi wa mwajiri alipinga, lakini tukio lilikuwa moja, uamuzi mmoja, na afisa rasilimali watu wao angeulizwa yaleyale mara saba.

Madai ya malipo hayakuunganika, hilo sikulitegemea. Kila mtu ana mshahara wake, miaka yake kazini, likizo zake zisizolipwa. Jedwali la madai hayo nilikesha nalo hadi saa nane usiku. Halafu kuna mwenzetu aliyelazwa akapitiliza siku 30 za kuwasilisha mgogoro. Alihangaika na fomu ya CMA F2 kuomba kuongezewa muda kabla hata hatujakutana pale kwenye benchi. Angekataliwa, kuwa pamoja nasi kusingemwokoa.

Mwamuzi aliunganisha sita. La mzee wa stoo likabaki peke yake, kwa sababu barua yake ilikuwa na tuhuma ya ziada: katoni zilizopotea. Siku hiyo nilinuna. Sasa naona mwamuzi alikuwa sahihi, maana habari za katoni zingetupaka sote, na yeye angepotelea ndani ya kesi yetu.

Afisa yule alihojiwa asubuhi moja tu, hadi saa saba tukawa tumemaliza naye. Shauri la mzee limepangwa mwezi ujao. Tarehe nimeizungushia kwenye kalenda; mimi ndiye shahidi wake wa kwanza.