Nimesamehewa na bado nalipa

Mwaka juzi nilikula pesa ya chama, yaani kikundi cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Siwezi sema nilikopa, siwezi sema niliteleza, nilikula. Mimi ndio nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu huku Kayole, na nikaanza kubeti na pesa za watu nikijiambia Jumamosi nitarudisha, Jumamosi ikafika ikapita, ingine ikaja, mpaka shimo likafika 38,000.

Siku ya kusema ukweli mama aliyetukaribisha kwake kwa mkutano alikuwa ameshamimina chai na daftari iko hapo mezani, mwandiko wangu wa biro ya bluu, "imelipwa" mahali hakukuwa na kitu. Niliongea mpaka chai ikashika utando. Hakuna aliyenipigia kelele. Dada mmoja tu aliinuka akachukua mkoba wake akatoka, na hadi leo tukikutana steji ananiitikia kwa kichwa basi.

Sasa, wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimelilia Mungu anisamehe, na naamini alinisamehe. Mbona basi bado inauma hivi? Hilo swali lilininyima usingizi kweli.

Kilichonisaidia ni 2 Samweli 12. Nabii Nathani anamwendea Mfalme Daudi baada ya kulala na Bathsheba, mke wa Uria, na kupanga Uria auawe, Daudi anakiri, na papo hapo anaambiwa Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Wengi tunafungia Biblia hapo. Endelea kusoma: mtoto aliyezaa na Bathsheba anakufa, halafu Amnoni mwanawe anambaka Tamari, binti yake Daudi, Absalomu ndugu yake Tamari anamuua Amnoni, na baadaye huyo huyo Absalomu anamfukuza babake Yerusalemu. Daudi amesamehewa kabisa na bado anazika watoto.

Nilikuwa nimechanganya vitu viwili. Warumi 6:23 inasema mshahara wa dhambi ni mauti, lakini uzima wa milele inauita karama. Mshahara unaufanyia kazi, ukicheleweshwa unaudai. Karama utaidai kwa nani? Mimi nilidhani nikimaliza ile 38,000 ndio Mungu ataniangalia tena, kumbe nilikuwa nageuza neema kuwa kibarua.

Na Zakayo je? Huyu mtoza ushuru tajiri wa Luka 19 nampenda sana siku hizi. Yesu anamwambia shuka upesi, leo nitashinda kwako, na wakati huo Zakayo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kuwalipa mara nne aliowadhulumu inakuja baadaye, mtu ameshapokelewa, furaha imemjaa.

Kwa hivyo nalipa kwa sababu ni pesa za watu, kuna mama alikuwa amepanga fee ya mtoto na hiyo zamu yake. Kila mwisho wa mwezi natuma 2,000, imebaki 6,000. Yule dada wa mkoba sijui kama tutawahi ongea tena, pesa yake ndio nilianza kulipa.