Jezi za Bluu hadi Mwisho wa Reli

Jezi zetu zilikuwa za bluu. Aliyechagua rangi anakaa Tabora mjini, na mjini hakuna mbung'o. Kwenye miombo ukishaipita Kaliua wapo, na bluu iliyokolea ikikaa na nyeusi ndiyo inayowavuta. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Basi watu sita tukawa tunaendesha baiskeli kwenda Kigoma, zaidi ya kilomita 400, kuchangisha fedha za madawati, tumevaa mitego migongoni. Kukimbia hakusaidii, mbung'o hufuata kinachotembea, na jezi nyembamba anaichoma kama haipo. Vaa kaki, shati zito la mikono mirefu.

Urambo na Kaliua sina la kusimulia, zaidi ya gesti moja iliyotuona na jezi ikadhani ni mradi: chumba cha 15,000 kikawa 25,000, na chandarua kimetoboka.

Porini ndipo spoku ya nyuma ilipokatika, upande wa mnyororo. Wengi husingizia shimo. Mara nyingi kosa ni spoku zilizolegea: kila mzunguko zinalegea na kukaza, chuma kinachoka kwenye shingo pale inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na mzigo wa kilo 18 juu ya keria unamalizia kazi. Ikikatika moja, jirani zake zinabeba zaidi, na ya pili haichelewi. Yetu ilichukua kama saa moja.

Upande wa mnyororo ukikatika, ringi huvutwa kushoto na kuanza kusugua breki. Legeza nipeli, vile vinati vinavyokaza spoku kwenye ringi, za spoku mbili jirani za kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukitumia raba ya breki kama kipimo, mpaka gurudumu lizunguke bila kugusa. Kisha hamishia mzigo kwa mwenzako. Kazi ya dakika kumi. Kwa sababu ya mbung'o, ilituchukua arobaini.

Kuweka spoku mpya upande huo lazima friwili, ile gia ya nyuma inayoshika mnyororo, itoke, na spana yake tuliiacha nyumbani kwa sababu ni nzito. Fundi wa kijijini aliitoa kwa patasi na nyundo, akigonga kinyume cha saa. Ufundi wake sina neno nao. Bei, ndiyo: spoku mbili 1,000, kuzifunga 15,000. Halafu zilikuwa ndefu kuliko za mwanzo kwa milimita kama tatu, ncha zikatokeza ndani ya ringi, na hakupiga tupa. Kilomita 12 mbele tyubu ikatoboka kwa ndani. Tukabandika kiraka, ikatoboka tena palepale, ndipo tukaelewa. Tundu likiwa upande wa ringi, usihangaike kutafuta mwiba kwenye tairi: saga ncha, kisha zungusha utepe wa tyubu kuukuu juu ya nipeli zote.

Nikiwa nimekaa chini nasaga niliwafikiria wapagazi wa Kinyamwezi waliopita nchi hii kwenda Ujiji na mizigo mabegani, kwa miguu. Kwetu tunawataja kwa majivuno, kisha tunalalamikia tandiko la baiskeli.

Uvinza tulinunua chumvi ya hapo hapo. Tukachanganya kinywaji cha njiani: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha. Ukizidisha chumvi utatapika. Milima ya kuingilia Kigoma ilinikuta na miguu isiyokakamaa. Kwenye mteremko bana breki na kuachia. Ukizing'ang'ania, raba zinapata moto na hazishiki.

Mjini tulikula migebuka, tukahesabu. Gesti na jezi tulijilipia wenyewe, maana mchangiaji alitoa kwa ajili ya dawati. Tulipokosea ni kwenye daftari: tuliandika ahadi kwa kilomita, zilipwe tukifika. Kadi ya harusi watu huilipa mapema, wanajua mlangoni wataulizwa. Dawati halina mlango wa kuulizia. Chukua hela kabla ya kupanda baiskeli, zipite kwenye simu ya mweka hazina, na jina lisomwe kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Ahadi nne bado zinasema mwisho wa mwezi.